Viti Vikubwa na Miiko Yake: Habari za Mabaraza Mawili ya Uingereza

Mwalimu afundishaye habari za serikali hukutana upesi na swali moja la wanafunzi wake, nalo ni hili: Katika Uingereza mkubwa ni nani? Mfalme ndiye avaaye taji, na sheria zote hutolewa kwa jina lake. Lakini kwa amri yake mwenyewe hawezi kutoza kodi hata ya senti moja. Waziri Mkuu ndiye aongozaye serikali. Lakini akiingia barazani huketi juu ya benchi pamoja na wenzake, na akitaka kusema sharti aitwe na Spika. Spika naye huketi juu ya kiti kirefu, na watu humwinamia. Lakini hana ruhusa kutoa maoni yake juu ya shauri lolote lililo mbele yake. Mwanafunzi asikiapo hayo huyaona kuwa kitendawili, wala hatumlaumu. Twataka kukitegua kitendawili hicho kwa kufuata habari zake tangu mwanzo.

Neno letu ni hili. Katika utawala wa mabaraza mawili cheo hakijulikani kwa yale tu awezayo kuyafanya mwenye cheo, bali zaidi kwa yale aliyokatazwa. Watu wa kwetu hawatashangaa kusikia hivyo, maana hujua kwamba kila mwenye kiti cha heshima ana mwiko wake, na akiuvunja, heshima humtoka. Miiko ya viti vya Uingereza haikutungwa na mtu mmoja siku moja. Kila mmoja ulipatikana kwa ugomvi, na mingine ilipatikana kwa damu.

Kwanza tuyatazame maneno, maana mara nyingi neno huhifadhi habari ambazo watu wamekwisha kuzisahau. Jina la Bunge kwa Kiingereza latoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kusema. Yaani ni mahali pa mazungumzo. Neno letu baraza lina habari iliyo karibu sana na hiyo, kwa kuwa baraza ni kile kibaraza cha mbele ya nyumba, ambapo wazee huketi na kuzungumza, na kwa ajili ya mazungumzo hayo jina la mahali likawa jina la mkutano. Waziri ni neno la Kiarabu, na wanazuoni wa lugha hiyo hulihusisha na neno lenye maana ya mzigo. Basi waziri ni mbebaji wa mzigo wa mwingine. Neno la Kiingereza lililo sawa nalo latoka katika Kilatini, na maana yake ni mtumishi tu. Ndiyo sababu makanisa mengine huwaita wachungaji wao kwa neno lilo hilo. Chansela pia ni Kilatini: hapo kale alikuwa mtu asimamaye penye kizuizi cha vyuma au mbao kilichotenga mahali pa hakimu na mahali pa watu. Na Spika maana yake ni msemaji. Basi twaona ya kuwa majina haya yote, yaliyo makubwa hivi leo, yalianza kuwa majina ya watumishi.

Sasa tuje kwenye mabaraza yenyewe. Mwaka 1265 Simon de Montfort, aliyekuwa amemshinda Mfalme Henry III vitani, aliita mkutano wa nchi, na pamoja na maaskofu na makabaila akawaita mashujaa wawili kutoka kila wilaya, na watu wa miji kadha wa kadha. Mwaka 1295 Mfalme Edward I alifanya vivyo hivyo, maana alihitaji fedha za vita, na fedha zilikuwa mikononi mwa watu wa wilaya na wa miji. Hata katikati ya karne ya 14 wakubwa walikuwa wakikutana peke yao, na wale wajumbe peke yao. Hivyo yakapatikana Baraza la Malodi na Baraza la Raia. Hapa mwalimu na aangalie neno moja. Jina la Kiingereza la baraza hili la pili hudhaniwa na wengi kuwa ni baraza la watu wa chini. Sivyo, maana yake ya asili ni jumuiya, yaani jumuiya za wilaya na za miji zilizopeleka wajumbe wake.

Wahenga wetu walisema: Fahali wawili hawakai zizi moja. Waingereza waliwaweka fahali wawili, na mwenye zizi, yaani Mfalme, akawa watatu. Habari zote zifuatazo ni habari za jinsi walivyopatana kukaa.

Tuanze na Spika. Mwaka 1376 Baraza la Raia lilikuwa na malalamiko mengi juu ya watu waliomzunguka Mfalme Edward III, ambao walikuwa wakila mali ya nchi. Wajumbe wakamchagua mmoja wao, Peter de la Mare, aende mbele ya malodi aseme kwa niaba yao wote. Alisema kwa ujasiri, na baadaye akatiwa gerezani. Mwaka 1377 Thomas Hungerford aliandikwa katika kumbukumbu za Bunge kwa jina la Spika, naye ndiye wa kwanza kuandikwa hivyo. Basi kazi ya Spika hapo mwanzo ilikuwa kupeleka kwa mfalme maneno ambayo mfalme hakupenda kuyasikia. Ilikuwa kazi ya hatari. Kati ya mwaka 1394 na mwaka 1535 watu saba waliokuwa wamepata kuwa Maspika walikatwa vichwa, ingawa si wote waliouawa kwa ajili ya kazi ya kiti hicho. Hata leo Spika mpya akiisha kuchaguliwa, wenzake humshika mikono na kumkokota mpaka kitini, naye hujifanya kukataa. Watu hucheka, lakini desturi hiyo ni kumbukumbu ya siku ambazo kukataa kulikuwa kweli.

Katika hao saba alikuwamo Thomas More. Alikuwa Spika mwaka 1523, na katika mwaka huo alimwomba Mfalme Henry VIII awape wajumbe ruhusa ya kusema mawazo yao barazani pasipo kuadhibiwa. Ni ombi la kwanza la namna hiyo tulijualo. Miaka sita baadaye alifanywa Lodi Chansela, na mwaka 1535 alikatwa kichwa kwa sababu hakukubali kuapa kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza. Ruhusa aliyoiomba kwa ajili ya wengine ilichukua zaidi ya miaka 150 kuwa sheria. Kwa maana ni katika Sheria ya Haki ya mwaka 1689 tu ndipo ilipoandikwa kwamba maneno yanenwayo Bungeni hayatahukumiwa katika mahakama wala mahali pengine nje ya Bunge.

Mwiko mkubwa wa Mfalme ulipatikana tarehe 4 Januari 1642. Siku hiyo Mfalme Charles I aliingia ndani ya Baraza la Raia, na askari wake wakimngoja mlangoni, ili awakamate wajumbe watano aliowashitaki kwa uhaini. Wajumbe wale walikuwa wameonywa, wakatoroka kwa mashua. Mfalme akakaribia kiti cha Spika, akamwuliza Spika William Lenthall, Wako wapi? Spika akapiga magoti, maana alikuwa mbele ya mfalme wake. Lakini akiwa magotini alijibu ya kuwa mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa amri ya baraza alilolitumikia. Mfalme akatazama huku na huku, akatoka mikono mitupu. Mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na tarehe 30 Januari 1649 Charles alikatwa kichwa.

Twaomba wasomaji wetu walitazame vema jibu la Lenthall, maana ndani yake yamo mambo mawili. Hakumtukana mfalme, wala hakusimama kama mtu mshindani. Tena hakujidai kuwa yeye mwenyewe ana nguvu. Alisema kinyume chake, kwamba yeye si kitu. Macho na ulimi wake si vyake, ni vya baraza. Kwa kujifanya mdogo hivyo, alikuwa mkubwa kuliko mwenye taji. Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia ndani ya Baraza la Raia lilipokuwa likikutana. Mfalme afunguapo Bunge huketi katika Baraza la Malodi, na kumtuma mtumishi wake aitwaye Fimbo Nyeusi awaite wajumbe. Naye akikaribia, mlango hufungwa mbele ya uso wake, mpaka abishe mara tatu kwa fimbo yake. Ndipo afunguliwapo. Hivyo kila Bunge lifunguliwapo kwa hotuba ya Mfalme, mwiko husomwa tena kwa vitendo mbele ya macho ya watu wote.

Mwiko wa pili wa Mfalme ulikuja polepole. Mswada hauwi sheria mpaka Mfalme aukubali. Lakini mara ya mwisho ya kukataa ilikuwa mwaka 1708, Malkia Anne alipoukataa mswada wa askari wa Uskoti, naye alifanya hivyo kwa shauri la mawaziri wake. Toka hapo hakuna aliyekataa. Hata hotuba aisomayo Mfalme kitini pake huandikwa na mawaziri. Yeye hutoa sauti tu. Je, ni heri kuwa na mfalme wa namna hii? Wako wajibuo ya kuwa si heri. Lakini sababu ya wengine ni hii: maadamu kiti cha juu kabisa kimekwisha kukaliwa na mtu asiyeruhusiwa kutawala, hakuna mwanasiasa awezaye kukikalia.

Habari za Lodi Chansela ni za namna nyingine, maana kiti chake kilikosa mwiko kwa muda mrefu. Hapo kale yeye alikuwa mwandishi mkuu wa mfalme na mtunzaji wa Muhuri Mkubwa, na kwa kuwa waliojua kusoma na kuandika walikuwa wengi wao watu wa Kanisa, machansela wengi walikuwa mapadre na maaskofu. Thomas Becket alikuwa Chansela kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kuuawa kanisani mwake mwaka 1170. Polepole mtu huyu akabebeshwa vikapu vitatu juu ya kichwa kimoja. Alikuwa waziri katika serikali; alikuwa mkuu wa mahakimu wote; na tena alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Malodi, akikaa juu ya gunia kubwa jekundu lililojazwa sufu, kwa ukumbusho wa siku zile ambazo sufu ndiyo iliyokuwa utajiri wa nchi. Hivyo mtu mmoja alishiriki katika kutunga sheria, na katika kuitekeleza, na katika kuwahukumu walioivunja. Waingereza walilichukua jambo hilo kwa karne nyingi, wakitumaini kwamba mwenyewe atakuwa mwungwana. Lakini tumaini la uungwana wa mtu si mwiko. Kwa sheria ya mwaka 2005 vikapu vile viligawanywa. Ukuu wa mahakimu ulipewa Hakimu Mkuu. Malodi wakamchagua Spika wao wenyewe mwaka 2006, na wa kwanza alikuwa mama, Helene Hayman. Na mwezi wa Oktoba 2009 Mahakama ya Juu ilianza kazi nje ya Baraza la Malodi. Lodi Chansela yupo hata leo, lakini ni waziri tu.

Spika wa malodi hafanani na Spika wa raia, na tofauti hiyo ni ya kufundisha. Katika Baraza la Raia kila asemaye humwelekea Spika, na Spika ndiye amwitaye mtu asimame, na amnyamazishe akikosa adabu. Katika Baraza la Malodi asemaye huwaambia wenzake wote, Mabwana zangu. Wala Spika wao hachagui nani aseme. Malodi hujidai kwamba watatunza adabu wao kwa wao, nao walipompa Spika kiti hawakumpa fimbo. Lakini mwiko mmoja Maspika wote wawili wanao: akiisha kuchaguliwa, huacha chama chake. Spika wa raia hapigi kura ila kura za pande mbili zikiwa sawasawa, na hata hapo hafuati apendavyo, bali hufuata desturi, yaani huacha mambo yalivyo au huacha mlango wazi ili shauri lizungumzwe tena. Aliyeimarisha desturi hii ya kutopendelea ni Arthur Onslow, aliyekaa kitini miaka 33, tangu 1728 mpaka 1761.

Waziri Mkuu alikuja mwisho kuliko wote. Mfalme George I, mzaliwa wa Hanover, aliyetawazwa mwaka 1714, hakuzoea lugha wala mambo ya Uingereza, akaacha kuhudhuria mikutano ya mawaziri wake. Palipo pengo hukaa mtu; na tangu mwaka 1721 Robert Walpole, mkuu wa Hazina, akawa ndiye msimamizi wa mikutano hiyo. Walimwita Waziri Mkuu kwa kumtukana, maana yake ni mtu ajifanyaye mkubwa juu ya wenzake, naye alilikataa jina hilo. Kwa hiyo cheo chenye nguvu kuliko vyote kilikaa muda mrefu bila jina katika sheria. Mwiko wake ni kwamba hawezi kukaa pasipo ridhaa ya Baraza la Raia. Tarehe 28 Machi 1979 James Callaghan alishindwa kwa kura 311 juu ya kura 310. Kura moja tu. Na serikali yake ikalazimika kwenda kwa wapiga kura, ikashindwa. Tena, Lodi Salisbury aliyeondoka mwaka 1902 ndiye wa mwisho kuongoza serikali akiwa katika Baraza la Malodi. Alec Douglas-Home alipoitwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 1963 aliacha ulodi wake, akaomba kura za watu kama mjumbe ye yote.

Na fahali wawili je? Mwaka 1909 malodi waliikataa bajeti ya serikali, iliyotaka kuwatoza wenye mashamba makubwa. Ugomvi ulidumu, na uchaguzi ukafanyika mara mbili katika mwaka 1910. Kwa sheria ya mwaka 1911 malodi walikatazwa kuuzuia mswada wa fedha kupita mwezi mmoja, na miswada mingine karibu yote waliweza kuichelewesha miaka miwili tu. Kwa sheria ya mwaka 1949 miaka miwili ikawa mmoja. Hivyo fahali mmoja alifungwa kamba, na kamba ikapimwa urefu wake. Hakuuawa, kwa sababu yule wa pili alihitaji mwenzake wa kumwambia, Ngoja kwanza, fikiri tena.

Mambo haya yalifika pwani yetu pia. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa na mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, na Seneti yenye maseneta 41, waliowekwa hasa kuzilinda haki za majimbo. Seneti haikuishi muda mrefu. Mwaka 1966 mabaraza yaliunganishwa kuwa moja. Katiba ya mwaka 2010 iliirudisha, nayo ikaanza kazi mwaka 2013 ikiziwakilisha kaunti 47. Utawala huo si sawa na wa Uingereza, maana Rais na mawaziri wake si wajumbe wa Bunge. Lakini Maspika ni wawili, na Katiba yawaamuru washauriane kabla ya mswada kujadiliwa, ili wakate shauri kama mswada huo wahusu kaunti au sivyo. Katika mwaka ule ule wa kwanza mswada wa kugawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti ulipelekwa kwa Rais na Spika wa Baraza la Taifa pasipo kukubaliana na Seneti. Maseneta wakaenda Mahakama ya Juu, nayo tarehe 1 Novemba 2013 ilitoa shauri kwamba Seneti ilikuwa na haki katika mswada ule, na kwamba Spika mmoja hakupaswa kwenda peke yake. Fedha za zahanati na za barabara za vijiji vingi zategemea mgawo huo. Basi mwiko wa Spika si jambo la wakubwa tu.

Hata Uingereza kwenyewe miiko hujaribiwa. Mwezi wa Agosti 2019 Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia Elizabeth II aliahirishe Bunge kwa muda wa majuma matano, wakati nchi ilipokuwa katika shauri zito la kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Malkia, akishika mwiko wake, alilifuata shauri la waziri wake. Lakini tarehe 24 Septemba mahakimu 11 wa Mahakama ya Juu, ile iliyotengwa na Baraza la Malodi miaka kumi kabla, waliamua kwa sauti moja kwamba shauri lile lilikuwa kinyume cha sheria, na kwamba Bunge halikuahirishwa kamwe. Kesho yake mabaraza yote mawili yalikutana. Kama mahakimu wale wangekuwa bado chini ya waziri aliye mkuu wao, sijui ni wangapi wangaliamini hukumu yao.

Basi mwanafunzi akiuliza, Mkubwa ni nani? mwalimu asimjibu kwa jina la mtu. Na amfundishe kuuliza mambo matatu juu ya kila kiti: mwenye kiti hutumikia nani, nani awezaye kumwondoa, na mwiko wake ni upi. Msemo wetu wasema, Cheo ni dhamana. Na dhamana ni kitu cha mwenyewe kilichowekwa kwa mtu, ambacho aliyewekewa amekatazwa kukitumia kama chake. Lenthall alilijua hilo alipokuwa magotini.